Nani Alisema Mtetemo Anataka Kusikia?

Meru mjini
3 Machi 2025

Kwa Cicily Marigu wa Runyenjes,

Hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye ukurasa wa wasomaji, nyuma ya Toleo la 20 la katuni ya Mtetemo, pale ulipoandika kwamba mwandishi mpya amemvisha shujaa wetu mabuti kama askari wa kulinda benki. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Jina langu ni Leylo Salad. Nina miaka ishirini na miwili, namsaidia baba kuuza vipuri vya malori hapa Meru, na chini ya kaunta, kati ya mafuta ya breki na mikanda ya injini, nimeyaweka matoleo yote ya Mtetemo tangu la kwanza. Kwa hivyo naandika kama mtu mwenye haki ya kubishana nawe.

Toleo la 21 limefika leo asubuhi! Umelisoma? Kama bado, kunja karatasi hii, nenda ulitafute, halafu urudi.

Umerudi? Sawa. ANASIKIA! Miaka kumi na miwili tumemsoma huyu muuza parachichi kiziwi, anayekanyaga ardhi peku na kujua kwa nyayo zake gari la wezi limekimbilia wapi na kilima kipi kinataka kuporomoka. Miaka kumi na miwili hajawahi kusikia hata jina lake likiitwa. Sasa yule daktari wa milimani amemtilia dawa, na kwenye ukurasa wa mwisho ndege analia juu ya mti, na Mtetemo anageuka. Anageuka, Cicily! Niko kwenye saumu, koo limekauka, lakini machozi yalitoka mpaka baba akadhani nimepokea habari za msiba.

Mzee Runji alipoacha kuandika kwa sababu ya macho yake, nilijua katuni imekufa. Lakini huyu Maxine Kananu aliyemrithi ni moto wa kuotea mbali. Niambie ukweli tu: hukulia?

Mgomvi wako mpya,
Leylo


Runyenjes
12 Machi 2025

Leylo,

Sikulia. Nilikirusha kitabu ukutani, kikaangukia sufuria ya chai, na sasa nina Toleo la 21 lenye rangi ya majani ya chai. Inalifaa.

Lakini karibu. Wewe ni wa kwanza kuniandikia kutoka ukurasa ule bila kutaka kunioa. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule hapa sokoni. Nina miaka ishirini na sita, kwa hiyo utaniheshimu hata tukigombana.

Sasa tugombane. Toa Toleo la 7 chini ya kaunta yako, ufungue ukurasa wa kumi na moja, machimbo ya mawe. Majambazi wanalipua baruti na kupiga mayowe ili watu wachanganyikiwe. Kila mtu amelala chini, ameziba masikio. Nani amesimama? Mtetemo. Kelele zao hazimhusu. Anawapita katikati kana kwamba anaenda kuteka maji. Kurasa nne nzima Runji hakuandika neno hata moja, ni mikono ya Mtetemo tu inayosema, na hakuna kurasa nyingine katika katuni hii zinazozifikia hizo.

Halafu anakuja huyu Maxine. Nani alimwambia kwamba Mtetemo anataka kusikia? Pekua matoleo yote ishirini ya kwanza, unionyeshe mahali pamoja tu anapolalamika. Analalamikia mvua. Analalamikia madalali, mama yake, na yule polisi mwenye mdomo wa bata. Masikio hajawahi kuyataja.

Na mabuti! Mtu ambaye nguvu zake ziko kwenye nyayo, unamvisha mabuti!

Huyo ndege wako akalie kwingine.

Cicily


Meru
20 Machi 2025

Dada Cicily (naanza kwa heshima, uone),

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikatoa Toleo la 7 na kukiri kwamba ukurasa wa kumi na moja ni hatari. Ya nne nikakasirika tena.

Unasema hajalalamika. Hajalalamika kwa sababu hajui anachokosa! Hajawahi kusikia mvua juu ya bati, wala adhana, wala mamake akimwita wakale. Kama mwandishi ana kalamu mkononi na anampenda mhusika wake, mbona amnyime? Wewe mwenyewe, Cicily, kama ungekuwa kiziwi, halafu mtu akaja na dawa, ungesema hapana ahsante? Usinidanganye. Hakuna mtu angesema hapana.

Kuhusu mabuti nakubali nusu. Ni mabaya. Lakini yanampendeza.

Nipe namba ya simu tumalize hili kwa sauti. Barua ni nzuri, lakini mimi nikibishana lazima nipaze sauti, ndivyo tulivyolelewa kwetu. Hii haipitii posta. Kaka yangu Isaack anapeleka mzigo Embu wiki ijayo, nimemwomba apite Runyenjes akukabidhi mkononi.

Leylo


Meru
29 Machi 2025

Cicily,

Isaack amerudi. Anasema alisimama mlangoni pako akakuita mara tatu, "Dada! Dada Cicily!", nawe ukaendelea kukanyaga cherehani ukiwa umempa mgongo. Akaiacha barua juu ya meza ya vitambaa akaondoka. Kaka yangu ni mpole. Alitoka njia kuu na lori zima, amefunga, kwa ajili yangu, na hata maji ya kunawa uso hakukuomba.

Kama hutaki watu wa aina yetu dukani kwako, ungeniambia mapema. Nilidhani nimepata rafiki.

Leylo Salad


Runyenjes
5 Aprili 2025

Leylo,

Nilidhani barua ile imeachwa na mteja. Nilipoinua kichwa niliona lori likiondoka tu. Mwombe Isaack radhi kwa niaba yangu, kwa moyo wangu wote. Hakuna mtu wa aina yoyote ninayemkataa dukani. Sikumsikia. Angepiga kengele ya kanisa mgongoni pangu nisingemsikia.

Mimi ni kiziwi. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka mitatu. Kiswahili changu chote nimekijifunza kwa macho, ubaoni na vitabuni, na namba ya simu sikukupa kwa sababu ungepiga.

Mbona sikukuambia? Kwa sababu katika barua tatu ulibishana nami bila kunihurumia hata kidogo. Hujui ni raha kiasi gani. Watu wa hapa wakijua, wanakubaliana na kila nisemalo, wananitolea kiti, halafu wanamgeukia mama yangu na kumuuliza kama nataka chai. Wewe uliniambia nisikudanganye.

Basi sikudanganyi. Uliuliza kama mtu angekuja na dawa ningesema nini. Walikuja, Leylo. Nikiwa mdogo nililetewa waombaji, mafuta na mizizi. Kila mmoja aliposhindwa, watu walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekataa. Kisha nikapelekwa shule ya viziwi, nikakuta watoto wengine, mikono ikienda kasi, watu wanachekeshana kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Huko ndiko nilikopewa Toleo la 1. Shujaa kama sisi, na hakuna aliyekuwa akimwombea.

Toleo la 21 limemwombea.

Sijui dawa ya kweli ningeijibu vipi. Pengine ningeikubali. Lakini ningependa kwanza mtu aniulize.

Ukiamua kutoniandikia tena, nitaelewa. Ukianza kunihurumia, hiyo sitakusamehe.

Cicily


Meru
9 Aprili 2025

Cicily,

Nimeandika barua sita za kuomba msamaha nikazichana zote kwa sababu zote zilikuwa na huruma ndani. Kwa hivyo nasema mara moja tu: nilikosea, tena vibaya, na kilichoniuma zaidi ni kile nilichosema kuhusu Isaack. Yeye mwenyewe amecheka, anasema akipita tena atawasha na kuzima taa za lori mpaka ugeuke.

Bado nadhani mabuti yanampendeza. Umeona? Hakuna huruma.

Sasa sikia (nimeandika "sikia", naliacha hivyo hivyo), nina habari kubwa! Jumamosi tarehe 17 Mei Maxine Kananu anakutana na mashabiki hapa Meru, kwenye ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Kinoru. Kutakuwa na maswali! Mtu yeyote anaweza kuuliza! Utakuja, utalala kwetu, mama ameshakubali. Swali uliandike, mimi nitalisoma kwa sauti, na nina sauti, muulize mtu yeyote hapa mtaani.

Lakini ni lazima tuwe na pendekezo. Hatuwezi kusema tu "mrudishe." Mimi napendekeza bomu. Linalipuka karibu naye, masikio yanakufa, tumerudi tulipokuwa. Safi?

Leylo


Runyenjes
16 Aprili 2025

Leylo,

Nakuja! Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba kaptura za darasa la nne zitachelewa.

Bomu hapana. Ukimlipua, uziwi unakuwa adhabu, na wasomaji wote watamlilia tena kama mgonjwa. Ndoto pia hapana. Mwandishi akiniambia mambo yote yalikuwa ndoto, namdai muda wangu. Pacha aliyepotea? Usithubutu.

Labda dawa iishe nguvu yenyewe. Lakini hapo pia atahuzunika, na mimi sitaki ahuzunike. Nimekaa na jambo hili siku tatu, nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Si rahisi nilivyodhani. Ila swali langu la kuuliza ninalo.

Cicily


Meru, Makutano
24 Mei 2025

Kwa Cicily na Leylo,

Leylo aliacha anwani zenu kwenye daftari la wageni, ndizo nimezitumia. Naandika mapema kabla sijajitetea kichwani.

Kabla ya Jumamosi ile nilidhani nimejiandaa. Nilijua kuna watu hawapendi mabuti. Halafu Leylo akasimama, akasoma ile karatasi: "Kwa nini ulimponya mtu ambaye hakuwa mgonjwa?" Yule jamaa wa mbele akaropoka, "Kwani mnataka abaki hivyo?", watu wakapiga makofi, na mimi, naona aibu kulisema, nikatabasamu kwa kuona nimeokolewa.

Ndipo wewe Cicily ukapanda juu ya kiti ukaanza kusema kwa mikono. Ukaongea dakika nzima. Nikamtazama Leylo anitafsirie, naye akasema kwa sauti ya kulia, "Sijui. Sijui anasema nini." Nikauliza ukumbi mzima kama kuna anayejua. Tulikuwa watu zaidi ya mia, kila mmoja ameshika kitabu cha shujaa kiziwi, na hakuna hata mkono mmoja uliopanda. Wangu pia haukupanda.

Kisha ukafungua Toleo la 7, ukalinyanyua, ukafanya kwa mikono yako kile kile kilichochorwa pale. Sijalala vizuri tangu hapo. Miaka yote nilidhani mikono ile ni mapambo, mtindo wa Mzee Runji. Hayo ni maneno! Mzee alikuwa anaandika mazungumzo, na mimi niliyepewa kazi yake sikuwahi kujua.

Mnataka ukweli? Nilimponya kwa sababu nilishindwa kumwandika. Sikujua aseme vipi, vile viputo vya maneno vilikuwa vinabaki tupu. Nikajiambia ni zawadi.

Matoleo ya 22 na 23 yameshakwenda kwa mpiga chapa, siwezi kuyagusa. La 24 bado liko mezani. Siahidi kitu. Ila tafadhali, Cicily: pale kwenye machimbo, ukurasa wa kumi na moja, anawaambia nini wale majambazi?

Maxine Kananu


Runyenjes
30 Mei 2025

Leylo,

Nimemjibu Maxine, na nakujibu na wewe pia, maana najua utaniuliza hilo hilo kwanza.

Kwenye machimbo Mtetemo anamwambia mkubwa wa majambazi: "Pisha, nina parachichi zinaiva nyumbani." Halafu anamwangalia vizuri, anaongeza: "Na zipu yako iko wazi."

Basi! Hicho ndicho kipande kitukufu ambacho ninyi wenye masikio mmekibandika ukutani miaka yote hii. Yuko hivyo kila toleo. La 12, pale anapobeba watoto kutoka mtoni na nyote mnalia, anawauliza nani kati yao amekojoa. Shuleni tulikuwa tunaanguka chini kwa kicheko.

Kuhusu ukumbini. Nilipokuwa juu ya kiti niliona midomo mingi inafunguka na kufungwa, na wewe katikati, umeshika karatasi kwa mikono miwili. Nilijua husemi ninachosema. Nilijua huwezi. Lakini hukuketi. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, na wewe ulibaki umesimama pale pale mpaka nikamaliza. Mimi si mtu wa maneno matamu, kwa hiyo nimekushonea dera. Isaack atalichukua akipita. Aliwasha taa wiki hii, soko zima liligeuka.

Cicily


Meru
8 Agosti 2025

CICILY!

Toleo la 24 nimelisoma nikiwa nimesimama barabarani na pikipiki zikinipigia honi, na nimekasirika hivi kwamba naandika juu ya mgongo wa risiti za baba.

Hakumrudisha! Bado anasikia! Kurasa kumi Mtetemo anatangatanga sokoni, kelele zinamchanganya, hapati usingizi, amevaa mabuti yale yale. Kilima kinataka kuporomoka na yeye hahisi chochote. Hapo nikasema sasa, sasa anayavua! Lakini wapi. Anatokea msichana mgeni kabisa, fundi wa pikipiki, kiziwi, eti Nkirote, peku, ananuka petroli. Yeye ndiye anayehisi. Yeye ndiye anayewatoa watu bondeni. Kisha anamkamata Mtetemo kola na kumgombeza kwa mikono kurasa mbili nzima, bila neno hata moja lililoandikwa, na katuni inaisha hapo!

Tulipanda kiti kwa ajili ya nani? Wewe ulipanda kiti, mimi nikalia mbele ya watu mia, ili Mtetemo aporwe kazi na mtu tusiyemjua? Naandika kwa ukurasa wa wasomaji leo hii. Tuandike pamoja. Niambie umekasirika kama mimi!

Leylo


Runyenjes
15 Agosti 2025

Leylo,

Sikukasirika. Nimelisoma mara tisa, na halijakaribia sufuria.

Kaa chini kwanza, kuna jambo nilikuficha. Mwezi wa Juni Maxine alikuja hapa dukani na mchoraji wake. Wakakaa kwenye benchi la wateja siku mbili. Aliniuliza tulichoulizana sisi: atamrudishaje bila kumuumiza, na bila kumfanya mjinga aliyetupa dawa? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimebishana tangu Machi na sikuwa nalo. Kisha akaandika kwenye daftari langu: "Je, kama simgusi yeye? Kama namleta mwingine?"

Nilimkatalia asubuhi nzima. Mchana nikamwambia, sawa, lakini mimi ndiye nitakayemgombeza Mtetemo.

Zile kurasa mbili ni zangu. Kila mkono uliouona ni mkono wangu, mchoraji alikaa mbele yangu akachora mpaka nikachoka mabega. Hakuna aliyenipangia la kusema. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uzikute mwenyewe, na pia kwa sababu nilijua utakasirika, na hasira yako naipenda.

Sikiliza. Shuleni tulikuwa na shujaa mmoja tu, kwa hiyo tulimshika kwa nguvu. Akibadilika, tumebaki watupu. Sasa Mtetemo aende anakotaka, asikie ndege wake, mtu hubadilika. Huyu Nkirote hakuombewa na mtu, hakuhurumiwa, na ana mdomo mchafu kuliko wangu. Sijawahi kumwona kiziwi kitabuni akiruhusiwa kuwa na dharau. Wewe unalia kwamba Mtetemo ameporwa kazi. Mimi nimepata wawili.

Unajua umekosea, ila barua ni polepole mno kwa ugomvi huu. Anachosema Nkirote kwenye zile kurasa mbili sitakuandikia, hata ukilia. Njoo Jumamosi tarehe 23 nikuonyeshe. Mama atapika.

Cicily


Meru
19 Agosti 2025

Cicily,

Kurasa mbili! Zako! Na ukanyamaza miezi miwili! Nimezungukazunguka dukani nikipiga kelele mpaka baba amenitoa nje.

Bado umekosea. Mtetemo ni mmoja. Lakini kuna jambo na mimi nilikuficha: tangu Juni naenda kila Alhamisi kwa mwalimu mmoja hapa mjini anayefundisha Lugha ya Ishara. Vidole vyangu ni vigumu, na Isaack anasema naonekana kama mtu anayefukuza nyuki. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza nataka kujifunza kusema nini kwanza. Watu wengi, anasema, huanza na salamu.

Jumamosi nafika saa nne. Usiwe umeinamia cherehani. Geuka mlangoni, uniangalie mikono, na ujiandae, kwa sababu nimeanza na "hapana", "wewe", "umekosea kabisa", na nimezifanyia mazoezi wiki kumi.

Leylo